Baba ana kilo 105, springi zinamsubiri wa kilo 70

Maumivu ya kiuno ya baba anayepanda pikipiki kila siku huwa na maelezo mengi nyumbani. Mama atasema ni godoro limechoka. Bibi atasema ni baridi ya mlimani. Zahanati watampima, watampa dawa ya kutuliza maumivu na kumwambia apunguze mwili. Yote yanaweza kuwa na ukweli wake. Ila ni nadra mtu kuinama nyuma ya pikipiki, akazitazama shokapu na kujiuliza springi zile zilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Kwa mkoa wa Tanga swali hilo si la mafundi peke yao, na sababu ni njia zenyewe. Anayetoka Muheza kupanda Amani anakutana na kona, mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua za masika. Upande wa Pangani kuna mchanga, na barabara ya vumbi ikikaa muda bila kupitiwa na greda hujipanga mawimbi kama bati. Lushoto nako, mtu akishaiacha lami, ni miinuko na miteremko mpaka Mtae. Wanaopita huko kila siku ni walimu, wauguzi, wanunuzi wa viungo na maafisa ugani, na wengi wao ni wazazi. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo nchini. Pikipiki za aina moja hutoka kiwandani na springi za aina moja. Maafisa hawakutoka kiwandani. Yupo wa kilo 58 na yupo wa kilo 110.

Kwa kawaida watengenezaji wa pikipiki za njia mbaya huchagua springi wakimfikiria mwendeshaji wa kilo 70 au zaidi kidogo. Baba mwenye mwili anapokaa, springi inabonyea kupita kiasi hata kabla safari haijaanza. Nafasi iliyobaki ya kupokea shimo inakuwa ndogo. Likija jiwe au korongo, shokapu inafika mwisho na kugonga chuma kwa chuma, na kishindo kilichotakiwa kumezwa na springi kinapanda moja kwa moja kwenye kiti, nyonga na pingili za mgongo.

Wanaochunguza afya kazini wanajua kuwa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia zaidi mtikisiko wa mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde, na kwamba vishindo vya ghafla huuchosha kuliko mtetemo mdogo wa kudumu. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2002 zinazomtaka mwajiri apime mtikisiko unaoufikia mwili wa dereva wa trekta au greda, na zikaweka kiwango kisichopaswa kuvukwa. Afisa ugani anayeshuka kutoka Amani hana kifaa cha namna hiyo. Lakini futi ya fundi cherehani anaweza kuipata, na inatosha kumwambia mengi.

Kabla ya futi, mizani. Uzito unaohesabika hapa si ule ulioandikwa kliniki mtu akiwa amevua viatu. Ni uzito wa baba jinsi anavyopanda: helmeti, koti, buti, begi la mgongoni. Kama kila Jumamosi anarudi na kiroba cha machungwa kwenye keria, kiroba nacho kipimwe, ila kiandikwe kando. Zahanati wana mizani, na wanunuzi wa mazao wanayo. Kwa mfano wa makala haya tumchukue baba ambaye akishavaa vyote anafikia kilo 105.

Kazi ya kupima inataka watu watatu, na hapo ndipo familia inapoingia. Baba anakaa kwenye pikipiki. Mama, au kijana mkubwa, anashika usukani isianguke. Mtoto wa darasa la tano anasoma futi na kuandika. Kwanza pikipiki inasimamishwa kwa stendi ya kati, au inanyanyuliwa juu ya kreti, ili tairi la nyuma lining'inie bila kugusa ardhi. Inapimwa kutoka katikati ya nati ya ekseli ya nyuma kwenda juu wima, hadi alama iliyowekwa kwa chaki kwenye madigadi au kwenye bodi. Alama hiyo isihamishwe mpaka kazi iishe.

Kipimo cha pili: pikipiki ishushwe isimame kwa matairi yake, bila mtu juu. Isukumwe chini kidogo na kuachiwa ili shokapu zikae sawa, kisha ipimwe palepale. Kipimo cha tatu: baba apande na vazi lake lote, miguu kwenye vikanyagio, akae pale anapokaa siku zote. Asijibane tumbo wala kusogea mbele ili namba ipendeze.

Tuseme tairi likining'inia futi ilisoma sentimita 52. Pikipiki ikisimama peke yake, 50.8. Baba akiwa juu, 47.4. Maana yake pikipiki peke yake inazama sentimita 1.2, na baba akipanda inazama jumla ya 4.6.

Je, 4.6 ni nyingi? Inategemea tairi la nyuma lina nafasi kiasi gani ya kupanda na kushuka, na hilo huandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa pikipiki za njia mbaya ni kwamba mwendeshaji akishakaa, iwe imetumika theluthi moja hivi ya nafasi hiyo. Pikipiki ndogo yenye nafasi ya sentimita 10 inatakiwa kuzama kama 3 hadi 3.5. Zile ndefu za mashindano, zenye sentimita 30, huzama 10. Baba wetu, mwenye pikipiki ya sentimita 10, anakaribia nusu. Amekwishakula nafasi ya mashimo kabla hajatoka uani.

Akienda kwa fundi na namba hizo, jibu analoweza kulipata haraka ni, "Tukaze tu, mzee." Shokapu nyingi za nyuma zina pete yenye ngazi, mara nyingi tano, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Pete ikipanda ngazi, springi inabanwa zaidi na pikipiki inanyanyuka. Ni kazi ya dakika tano na haina gharama. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana inapotosha.

Baba anakaza mpaka ngazi ya mwisho na familia inapima tena. Sasa akiwa juu futi inasoma 48.6, yaani amezama 3.4. Namba imekuwa nzuri! Wengi huishia hapo, wakamlipa fundi soda. Lakini ashuke, kile kipimo cha pili kirudiwe. Pikipiki ikisimama peke yake inasoma 52, sawasawa na ilivyokuwa ikining'inia. Haizami hata kidogo.

Hiyo ndiyo dalili yenyewe, na huwachanganya hata mafundi kwa sababu inaonekana kinyume. Pikipiki isiyozama kabisa bila mtu, lakini ikikaliwa inazama vizuri, ina springi laini mno kwa mwenye nayo. Springi imebanwa kwa nguvu ili ifiche ulaini wake. Kukaza kunanyanyua kiti, hakuongezi ugumu. Angalia hesabu ya mtoto kwenye daftari: kabla ya kukaza, baba aliongeza sentimita 3.4 juu ya zile 1.2 za pikipiki. Baada ya kukaza, bado ameongeza 3.4 zilezile. Springi haijabadilika tabia. Na tatizo jipya limeingia: tairi halina nafasi ya kushuka kufuata shimo, kwa hiyo kwenye mawimbi linaachana na ardhi na nyuma inarukaruka hasa wakati wa kufunga breki.

Ikiwa ni kinyume chake, yaani baba akikaa inazama theluthi lakini bila mtu inazama sana nayo, basi springi ni ngumu kuliko inavyohitajika. Pikipiki yenye nafasi ya sentimita 10 ikizama kama sentimita 1 peke yake na 3 hadi 3.5 ikikaliwa, iachwe ilivyo. Maumivu yatafutiwe sababu nyingine.

Baba wa kilo 105 anahitaji springi ngumu zaidi. Kwa namba zake, ugumu uongezeke angalau kwa robo, na ukiongezeka kwa nusu bado unamfaa. Hapo panaanza shida ya dukani. Kwa wauza spea wengi springi huulizwa kwa jina la pikipiki, na ugumu haukuandikwa popote kwenye boksi. Muuzaji atasema hizi ni "hevi" na kumpa zenye rangi nyekundu. Rangi ni ya mchoraji, haina habari ya ugumu.

Kipo kipimo kinachosaidia, nacho ni unene wa waya. Kama springi mbili zina urefu mmoja, upana mmoja na idadi moja ya mizunguko, ile yenye waya mnene ni ngumu zaidi, tena kwa kasi ambayo jicho haliioni. Waya wa milimita 7 ukilinganishwa na wa milimita 7.5, ugumu unapanda karibu theluthi moja. Nusu milimita tu! Kwa hiyo baba aende dukani na springi yake ya zamani, na amwombe fundi mwenye kalipa waende pamoja. Wapime waya, wapime upana, wahesabu mizunguko. Springi yenye mizunguko michache, mengine yakiwa sawa, nayo ni ngumu zaidi. Upana ukiongezeka inakuwa laini.

Tahadhari moja kwenye waya mnene: mianya kati ya mizunguko hupungua. Mianya yote ikijumlishwa iwe mikubwa kuliko mwendo wa shokapu, vinginevyo springi itabanana chuma kwa chuma kabla shokapu haijafika mwisho, na baba atarudi kwenye kishindo kilekile alichokikimbia.

Wengine huona ni rahisi kununua shokapu nzima ya pikipiki kubwa zaidi. Inawezekana, mradi urefu kutoka tundu la juu hadi la chini ulingane na wa zamani. Ikizidi, pikipiki inainuka nyuma, stendi inakuwa fupi, cheni inabadilika mkazo na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Zenye shokapu mbili zibadilishwe zote mbili siku moja. Shokapu moja mpya na moja ya zamani ni kuitafutia pikipiki kwenda upande.

Ufundi wa kubahatisha upo mwingi na baadhi yake ni hatari. Kipande cha mpira wa tairi kinachopachikwa katikati ya mizunguko kinaizuia springi isifanye kazi, kisha siku moja kinachomoka. Kuchomelea springi iliyokatika, au kuikata kwa moto ili iwe ngumu, kunaharibu chuma chenyewe. Itavunjika palepale ilipoguswa na moto, na haitachagua kuvunjika mbele ya gereji. Kufungua springi iliyobanwa pia si kazi ya uani na bisibisi, kwa sababu ikichomoka ina nguvu ya kuvunja taya. Hapo alipwe fundi mwenye kifaa cha kubania.

Springi siyo shokapu yote. Ndani ya bomba kuna oili inayoituliza springi isimrushe mtu baada ya kubonyea. Kabla ya kununua chochote, pikipiki ikandamizwe nyuma kwa nguvu na kuachiwa. Ikipanda na kutulia, oili inafanya kazi. Ikipanda na kushuka mara mbili tatu kama kitanda cha kamba, au bomba likiwa limelowa oili na vumbi, shokapu imekufa. Kufunga springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa ni kumtengenezea baba chombo cha kumrusha.

Mbele nako patazamwe, ingawa uzito wa mwendeshaji huenda zaidi nyuma, kama theluthi mbili. Kwenye mteremko mambo hugeuka. Anayeshuka kutoka Amani akifunga breki, mwili wote unahamia mbele, na shokapu za mbele zikiwa laini usukani unadidimia mpaka mwisho. Mafundi hubadilisha springi za ndani au huongeza oili kidogo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Wakizidisha, sili zinapasuka na oili inamwagikia breki.

Kuna mtu mwingine kwenye kiti hicho. Abiria wa nyuma hukaa karibu juu ya tairi, kwa hiyo uzito wake karibu wote unaangukia shokapu za nyuma. Mtoto wa kilo 30 aliyekaa nyuma ya baba wa kilo 105 ni mzigo mkubwa zaidi kwa springi hizo kuliko namba 30 inavyoonyesha. Nyuma inapozama, taa ya mbele inatazama mitini na kuwapiga machoni wanaokuja, na kwenye mwinuko tairi la mbele linakuwa jepesi. Pia shokapu ikigonga mwisho, aliye nyuma ndiye anayerushwa, kwani hana usukani wa kushika wala hakuliona shimo. Kanuni za bodaboda zinakataza kumbeba mtoto wa chini ya miaka 9, na hata aliyevuka umri huo miguu yake inapaswa kufika kwenye vikanyagio na kichwa chake kiwe na helmeti inayomtosha. Kumpakia na mdogo wake mshikaki, hakuna springi inayohalalisha.

Wala springi mpya haiongezi uwezo wa fremu, rimu na breki. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu kabisa, mwendeshaji na mizigo vikiwa pamoja. Baba wa kilo 105 anaweza kukuta amebakiwa na nafasi ndogo sana ya abiria, na kiroba cha machungwa kikawa ndicho kinachoivusha pikipiki mpaka. Upepo wa matairi nao ufuate kibandiko cha mtengenezaji kwa safari yenye mzigo. Upepo mdogo unamfanya mtu mzito aone raha kidogo mchangani, kisha jiwe la kwanza linaibana tyubu na kuitoboa.

Kwa bodaboda au mzazi ambaye asubuhi yuko peke yake na jioni ana mzigo, springi ikishakuwa sahihi, zile ngazi za kukaza zinapata kazi yake ya kweli. Peke yake, ngazi ya pili. Akiwa na mzigo, ya nne. Spana ya ndoano ikae chini ya kiti.

Mwili wa baba nao una sehemu yake. Kwenye mashimo asimame kidogo kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa, ili miguu imeze kishindo badala ya kiuno. Safari ndefu aikate kwa kushuka na kutembea dakika chache. Ushauri wa kupunguza uzito ni mzuri na aufuate, lakini kilo 20 hazitoki kwa wiki mbili na pikipiki inapandwa kesho alfajiri. Kumwambia apungue bila kugusa springi ni kumwacha aumie huku akisubiri.

Yapo maumivu yasiyosubiri fundi. Ganzi inayoshuka mguuni na mguu kupoteza nguvu, ganzi ya sehemu za siri na mapaja kwa ndani, kushindwa kuzuia haja au mkojo kukataa kutoka: hayo ni ya kuwahi hospitali siku hiyohiyo, Bombo au yoyote iliyo karibu, na asiende kwa pikipiki. Maumivu baada ya kuanguka, au yanayoamsha mtu usiku yakiambatana na homa au kukonda, nayo yaonwe na daktari mapema.

Springi zikishafungwa, vipimo vitatu virudiwe palepale gerejini, na cheni ikaguliwe baba akiwa amekaa, maana mkazo wake hubadilika pikipiki inapozama. Baada ya wiki mbili za njia ya kawaida, futi itolewe tena. Springi mpya hulegea kidogo mwanzoni na ngazi moja huenda ikahitajika. Zile za zamani, kama hazijakatika, zifungwe kwenye gazeti na kuwekwa stoo. Siku pikipiki ikirithiwa na kijana wa kilo 60, atazihitaji.